Kuacha Nako ni Kazi

Katika nchi ya wakulima, heshima ya ardhi hupimwa kwa jembe. Shamba lililopaliliwa humsifu mwenyewe, pori humwaibisha. Katika karne ya 17, mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliujengea hoja mtazamo huo: jasho la mtu ndilo linaloipa ardhi thamani na kumpa yeye haki ya kuimiliki, na ardhi iliyoachwa ilivyo imepotea bure. Wengi hatujamsoma, lakini tunafikiri kama yeye kila tunapouliza, "Pori hili la nani, mbona limekaa tu?"

Wasukuma wa mkoa wa Shinyanga, Tanzania, wana jibu la siku nyingi. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hutenga eneo ambalo mifugo haitaingia, nalo huitwa ngitili. Mara nyingi halina uzio. Mpaka wake umo vichwani mwa watu. Nyasi hurefuka, hukauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishakaza, malisho ya kwingine yamekwisha, ndipo eneo hufunguliwa kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia.

Hakuna aliyepanda nyasi hizo. Kazi yote ilikuwa kujizuia: kumrudisha ndama anayevuka mpaka, kumkatalia ndugu anayeomba mti mmoja tu, kupita kando ya majani mabichi huku ng'ombe wako mwenyewe wamekonda. Ni kazi isiyoacha alama ya jembe, na haifanyiki na mtu mmoja, maana mmoja akivunja makubaliano, wenzake wote wamejinyima bure. Kwa hiyo kinachoulinda uoto ni kuaminiana.

Historia ya mkoa huo inathibitisha hilo. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori kupambana na mbung'o, pamba ikadai mashamba, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili zao zikabaki nyuma. Ujuzi wa kuzitunza haukupotea. Kilichovunjika ni uhakika kwamba anayefunga masika ndiye atakayefungua kiangazi. Asiye na uhakika huo akikata mti leo si mjinga. Amekosa sababu ya kungoja. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Baada ya miaka isiyofika 20 zilizidi hekta 300,000. Vitalu vya miche vilikuwapo, lakini miti mingi ilichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, watu walipokubaliana kutoigusa. Dagashida, mkutano wa wanakijiji, ulitunga masharti na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakasimamia.

Baadaye wachumi walikadiria kwamba ngitili humpa mtu faida ya dola 14 hivi kwa mwezi, kwa kuni, dawa, asali, malisho na nyasi za kuezekea. Hesabu hiyo inafaa kumshawishi afisa wa mipango, lakini haiwezi kuwa msingi wa hifadhi. Bei ya pamba ikipanda vya kutosha, hesabu hiyohiyo itaamuru pori lifyekwe. Kinachoweza kusimama dhidi ya bei ni ahadi ya watu watakaoendelea kuishi pamoja, na ahadi hiyo inadai haki. Ngitili ya tajiri wa ng'ombe ikimfungia njia jirani anayetafuta kuni, huyo jirani hana cha kulinda. Kujinyima kuna maana kwa mwenye fungu katika kinachotunzwa.

Fikra za Locke bado zimo katika sheria zetu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, inajumuisha humo hata ardhi ya kijiji isiyotumika. Kwa macho ya mgeni, ngitili mwezi wa Machi ni ardhi ya namna hiyo hasa. Ndiyo maana kila kijiji chenye ngitili kinapaswa kuiandika katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, pamoja na masharti yake na haki za wote wanaoitegemea, maskini wakiwamo. Watu waliojinyima masika nzima wameitumia ardhi yao, na wana haki juu yake sawa na aliyelima.