Mwajiri Wako ni Nani?

Ukiuliza kijiweni mwajiri ni nani, utajibiwa bila mtu kukuna kichwa: ni yule anayekupa kazi, anayekupangia saa ya kuingia, na mwisho wa mwezi anakulipa. Kwa mazoea yetu huyo ni mtu mmoja, ndiyo maana tukidhulumiwa tunajua wa kumfuata. Swali langu ni hili: mambo hayo matatu yakigawiwa watu watatu, wajibu nao unagawanyika, au unapotea?

Sijalitoa hewani. Nimefanya uhariri kwa mikataba mifupimifupi jijini London chini ya kitu kinachoitwa kampuni mwavuli. Ofisi inayohitaji mhariri inamwambia wakala, na wakala ananipata mimi. Lakini wakala hataki kuniajiri, na ofisi haitaki pia. Basi inaingia kampuni ya tatu: inapokea hela kwa wakala, inakata kodi, inanilipa mshahara. Kwenye karatasi huyo ndiye mwajiri wangu. Hajawahi kusoma hata sentensi moja niliyoihariri.

Mambo haya yana historia yake. Zamani mtu kama mimi angefungua kampuni yake ndogo na kulipwa kupitia hiyo. Serikali ya Uingereza ikaona kwamba baadhi ya hao ni waajiriwa waliovaa koti la biashara ili walipe kodi kidogo, na sheria ya kuwabana, inayojulikana kama IR35, ikaanza mwaka 2000. Mwaka 2017 jukumu la kuamua nani ni nani lilihamishiwa kwa taasisi za umma zinazonunua kazi, na Aprili 2021 likawafikia wanunuzi wakubwa na wa kati wa sekta binafsi. Wengi wakasema ya nini kujitafutia kesi. Anayetaka kazi apitie kwenye mwavuli.

Sasa tupige hesabu. Tuseme wakala anatoa pauni 1,000 kwa wiki. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26, mwajiri anachangia bima ya taifa asilimia 15 ya mshahara unaozidi kama pauni 96 kwa wiki. Ongeza tozo ya mafunzo ya kazi, nusu asilimia, na ada ya kampuni mwavuli yenyewe, tuseme pauni 20. Mshahara unabaki kama pauni 861, malipo ya likizo yakiwa humohumo, na hapo kodi yangu mwenyewe bado haijaguswa. Karibu pauni 115 zimeitwa mchango wa mwajiri, lakini zimetoka kwenye bei ya kazi yangu. Ni mwavuli ambao anayefunikwa ndiye anayeununua.

Mwanauchumi atasema hata mwajiri wa kawaida huitia gharama hiyo kwenye hesabu kabla hajapanga mshahara. Sawa, nakubali. Kodi nayo siilalamikii, maana hospitali zao nimetibiwa. Wala mwavuli si uongo mtupu: unanipa likizo yenye malipo, mchango wa pensheni, na hati ya mshahara ya kumwonyesha mwenye nyumba. Tangu Aprili 2020 wakala anatakiwa pia kumpa mfanyakazi waraka wa kuonyesha makato mapema. Kwa hiyo pesa si kiini cha ugomvi wangu.

Kiini ni wajibu. Kuna wiki malipo yalichelewa. Ofisi ikaniambia niulize wakala. Wakala akaniambia niulize mwavuli. Mwavuli ukasema haujapokea kitu. Wote walinijibu kwa adabu, na inawezekana kila mmoja alisema kweli. Hapo ndo penye kasoro: hakuna aliyekosa, na kodi ya chumba inadaiwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huku mzigo umepitishwa mikono mitatu, na kila mkono umeuona mwepesi.

Utaniambia, si ulisaini mwenyewe? Nilisaini. Lakini ridhaa ya mtu aliyeambiwa "pitia hapa au kazi hakuna" ina uzito wake mdogo, na hata ingekuwa kamili isingefuta jambo moja. Deni la mwajiri haliletwi na karatasi. Linazaliwa pale mtu anapouchukua muda wa mwenzake na kuutumia. Mkataba unaweza kuamua hela ipite mlango gani. Hauwezi kuamua nani alifaidi ile kazi.

Na ushahidi kwamba wajibu unaweza kumfuata mtu nyuma ya karatasi umetoka serikalini kwenyewe. Zimekuwepo kampuni mwavuli zilizokata kodi za watu na kutoiwasilisha. Katika bajeti ya Oktoba 2024 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 wakala atabebeshwa wajibu wa kodi hiyo ya mishahara, na pasipo na wakala, abebeshwe aliyenunua kazi. Kumbe inawezekana! Hela ya serikali ilipopotea, halikutolewa jibu la "kaulize mwavuli." Walipanda ngazi mpaka kwa mwenye mali.

Basi kinachodaiwa hapa si kuwafuta watu wa katikati. Abaki anayetafuta watu, abaki anayepiga hesabu za mishahara, kazi hizo zina faida yake. Ila anayeniambia "nataka hii kabla ya saa kumi" awe na sehemu yake ya kujibu nisipolipwa, kama kodi itakavyojibiwa isipofika. Kama serikali ikidai inaonyeshwa mwenye deni, na mfanyakazi akidai anaonyeshwa mlango unaofuata, basi haijakosekana njia ya kumjua mwajiri. Imeamuliwa tu nani ana haki ya kumjua.