Kipimo na Wasiwasi

Ndugu zetu Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Wako miongoni mwetu waliopimwa ukimwi wakaambiwa hawana, na bado hawalali. Huvuka feri kwenda kupimwa tena na tena. Na wako wasiotaka kupimwa kabisa, wakidhani toba yawatosha. Wote hao wameikosa njia.

Kipimo cha damu ya kidole hutafuta kingamwili, nazo huweza kuchelewa kuonekana hadi miezi 3. Basi aliyepimwa mapema na arejee muda huo utimiapo. Akiwa hana, wala hakujitia hatarini tena, hiyo ni yakini. Na mafakihi wetu wametufunza kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Kuzidi hapo ni waswasi, kama wa yule arudiaye udhu hata sala ikampita.

Na akionekana anavyo virusi, hupimwa tena kwa vipimo vingine ili kuthibitisha, kisha dawa zipo. Adumuye nazo hata virusi visionekane damuni hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa.

Toba ni baina ya mja na Mola wake. Kipimo ni haki ya aliye nyumbani mwako. Tusiifanye moja badala ya nyengine.

Mwenyezi Mungu atupe afya na utulivu wa nyoyo. Amin.