Maji Yakipwa Paje



Someni Injili ya Marko Mtakatifu, sura ya 6, aya ya 30 hadi 34. Mitume wamerudi kutoka kazini wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Bwana anawapakia katika mashua waende mahali pa faragha wapumzike. Basi likizo si dhambi, wala si mali ya wenye fedha peke yao. Wako wenzetu ambao kila likizo huimaliza wakipiga lipu nyumba. Hao nao Bwana anawaita mashuani.

Lakini mashua ilipotia nanga, pwani ilikuwa imejaa watu waliotangulia kwa miguu. Pumziko lenyewe, nadhani, lilikuwa la ndani ya mashua tu.

Wengi wetu siku hizi huvuka kwenda kutembea Unguja. Hukodi gari, na kwa siku moja wanataka kuziona fukwe zote: asubuhi Matemwe, mchana Paje, jioni mbio hadi Nungwi kutazama jua likizama. Mara nyingi wakifika Paje maji yamekupwa. Bahari iko mbali kule mwambani, na mbele yao ni mchanga mtupu, vidimbwi na vijiti. "Ah, hapa hamna bahari! Twendeni." Wanapanda gari.

Kumbe saa hiyo ndiyo saa ya kazi. Tangu mwaka 1989 watu wa Paje na Jambiani, na wengi wao ni akina mama, hulima mwani kwa biashara. Shamba lao liko chini ya bahari, na mlango wake hufunguliwa na maji yanapotoka. Huwamba kamba kwenye vijiti, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, wameinama juani, miguu majini. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kukausha, na mwani hupelekwa ng'ambo. Kutoka humo hupatikana kitu cha kuzipa dawa za meno na vyakula hali ya uji mzito. Miaka hii bahari imezidi joto. Ule mwani wa bei nzuri hufa, na unaostahimili hulipwa kidogo. Aliyeondoka akinung'unika huenda asubuhi ile alipigia mswaki jasho la mama yule.

Bwana angeweza kumwambia Petro ageuze mashua, watafute ufuko mwingine usio na watu. Hakufanya hivyo. Alishuka, akawaona. Kabla ya huruma na kabla ya mafundisho, kwanza macho yake yaliwaona.

Sisi hatukutumwa kuwahubiria akina mama wale katikati ya kazi. Ni Waislamu, na sisi ni wageni wao. Tuvae kwa heshima tupitapo kijijini. Tusikanyage kamba zao. Tutoe shikamoo kabla ya kutoa kamera, na tukikatazwa picha tusinune. Wengine hutengeneza sabuni ya mwani. Nunueni, wala msivutane bei kana kwamba mko mnadani.

Kila siku saa ya maji husogea karibu dakika 50. Kabla ya kupanga safari, muulizeni mwenyeji maji yatakupwa saa ngapi, mfike Paje saa hiyo. Nungwi itangoja; kule maji hayaendi mbali.