Nani Aliyewaamsha?

Kila asubuhi natoka Majengo kwenda kulisha samaki wa bahari walio kwenye tangi la kioo, nyumbani kwa tajiri mmoja hapa Moshi. Chakula chao ni atemia, viumbe jamii ya kamba, wadogo kama punje ya chumvi. Asili ya hawa ninaowatumia ni Marekani. Miaka ya 1980 walipandikizwa hata kwenye mabwawa ya chumvi karibu na Malindi, Kenya.

Mayai yao makavu ni kama vumbi, na huweza kulala miaka. Nikiyatia kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu na hewa, baada ya saa 24 hivi naona uhai unaogelea. Kisha nawasha taa. Wanaifuata nuru, nawavuta kwa mpira, nawamwagia samaki. Basi!

Ndugu msomaji, kuliwa kwao hakunisumbui; hata mimi nala dagaa. Kinachonikera ni kule kuwaamsha. Walikuwa wamelala zao, mimi nikawapangia kuzaliwa na kufa siku moja.

Nikamwuliza mama. Akacheka: "Wewe nawe! Kwani wewe uliombwa ruhusa kuzaliwa?"

Kweli, sikuombwa. Lakini mama aliyeniamsha alikesha nami. Mimi nawaamsha, halafu wakizidi nawamwaga mtaroni.

Sasa napima mayai ya kuwatosha samaki tu, hayazidi. Ni jambo dogo, najua. Ila anayeamsha uhai ana deni nao, hata ukiwa mdogo kama vumbi. Je, mwenzangu, wewe wasemaje?