Kipimo na Jirani

Mwezi huu twauliza swali moja: Mtu atumiaye kupita kiasi kitu cha watu wote, hali haonyeshwi kiasi anachotumia, je, ana hatia? Wengi watajibu upesi kwamba hana, maana hakujua. Wengine watasema anayo, maana angaliweza kuuliza. Yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu kabla ya kuhukumu.

Sisi wa Madibira twajua habari ya kitu cha wote. Maji ya mto Ndembera huingia katika banio, hufuata mfereji mkuu, kisha hugawanyika mpaka kufika majaruba ya mpunga. Aliye karibu na banio hufungua lango lake, na maji hujaa. Aliye mwisho wa mfereji hungoja. Yule wa kwanza si mwivi, walakini hamwoni yule wa mwisho. Tena mto ule una watu wengine mbele yetu: huenda Ihefu, na kwa njia ya Ruaha Mkuu maji yake hufika Mtera, ambako hutumika kufanya umeme. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukatika wakati wa kiangazi.

Jambo lilo hilo limo katika nchi za baridi, ila huko kigawanywacho ni joto. Katika mji wa Berlin, walikotoka wamisionari waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, watu wengi hukaa katika nyumba kubwa za ghorofa. Mara nyingi tanuru ni moja tu kwa nyumba nzima. Hupasha maji moto, na maji hayo hupita katika mabomba mpaka vyuma vya kupashia joto vilivyomo katika kila chumba. Pasipo mpango mwema, vyumba vya karibu hupata joto mno, na vya mbali hubaki na baridi. Mtunza nyumba akisikia malalamiko ya wa mbali, huongeza moto. Nao wa karibu, wakitoka jasho, hufungua madirisha, joto likaenda nje bure. Na gharama ikigawanywa kwa ukubwa wa vyumba tu, afunguaye dirisha hulipa sawasawa na jirani ajitahidiye kuweka akiba.

Dawa yake haikuwa kubomoa nyumba. Mwaka 1943 Mads Clausen wa Denmark alibuni bilula ijifungayo yenyewe: ndani yake mna kitu kinachovimba chumba kipatapo joto, kikabana njia, na maji moto yakapungua. Tena mabomba ya karibu hubanwa kidogo, ili maji yafike mbali. Kisha mwaka 1981 Ujerumani ya Magharibi ilitoa amri kwamba gharama ya joto igawanywe kwa kipimo cha matumizi ya kila mmoja.

Lakini angalieni neno hili: kwa kawaida sehemu ifuatayo kipimo haipungui asilimia 50, wala haizidi 70. Iliyobaki hugawanywa kwa ukubwa wa makao. Kwa nini si yote? Kwa sababu joto hupenya kuta. Afungaye bilula yake kabisa hupashwa joto na jirani zake. Na akaaye pembeni, au chini ya paa, hupotewa na joto jingi pasipo kosa lake. Basi kipimo humfundisha kila mtu kazi ya mkono wake, na sehemu ya wote hulinda ujirani.

Hapo twapata jibu letu. Asiyeonyeshwa kipimo, hatia yake ni ndogo. Akataaye kipimo kisha kuonyeshwa, hatia yake ni kubwa. Na kubwa kuliko zote ni ya wale waliopewa kazi ya kugawa, wakaacha watu wagawane gizani. Walakini kipimo peke yake hakimpi mtu macho ya kumwona jirani. Kwa hiyo twawasihi wenye kusimamia mifereji, siku ya zamu, watembee mpaka jaruba la mwisho kabla ya kusema maji yametosha. Na mwenye shamba la kwanza, jaruba lake likiisha kujaa, afunge lango asingoje kuambiwa. Maana jirani yake wa mbali angali amesimama na jembe, akingoja.