Nesi Anayerudi

Binti wa miaka 16 akishika mimba, nyumba yao hujaa watu. Shangazi anataka jina la mhusika, majirani wanataka habari, baba anauliza ada aliyolipa imekwenda wapi. Mtoto akizaliwa, wote wametawanyika. Usiku wa manane kichanga kinalia, hakitaki kushika titi, na binti yuko peke yake na aibu yake.

Akiwa kijana, Mmarekani David Olds alifanya kazi katika kituo cha watoto wadogo huko Baltimore, akaona kwamba baadhi yao walikuwa wamekwishaumizwa na maisha kabla ya kufika mikononi mwake. Msaada ulipaswa kuanza tumboni. Mwaka 1978, katika mji wa Elmira, New York, yeye na wenzake wakaanza utafiti wa wanawake 400 wa uzazi wa kwanza, wengi wao wadogo kiumri, maskini au wasio na waume. Baadhi walitembelewa na nesi nyumbani tangu ujauzito hadi mtoto alipotimiza miaka 2.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba nesi alikuwa yuleyule. Anaketi, anamuuliza binti anataka nini maishani, kisha wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki ile. Bibi hukaribishwa kwenye mazungumzo, na baba wa mtoto pia. Hilo la baba linanigusa. Kwetu Tanzania kijana huyo hutorokea mji mwingine, na hata anayebaki hakuna anayemfundisha kumpakata mwanawe.

Miaka 15 baadaye, taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa katika familia zilizotembelewa hadi mwisho zilikuwa karibu nusu ya zile za familia ambazo hazikutembelewa. England walipoupima mpango huo katika utafiti wa wasichana zaidi ya 1,600, matokeo ya mwaka 2016 yaliwavunja moyo wengi: uvutaji sigara haukupungua wala uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa haukuongezeka kuliko kwa waliopata huduma za kawaida. Lakini huko, huduma ya kawaida yenyewe ni mkunga anayefika nyumbani bila malipo. Binti wetu hutoka wodini na kadi ya kliniki mkononi, basi.

Novemba 2021 Tanzania iliwafungulia tena mlango wa shule wasichana waliojifungua. Ulikuwa uamuzi wa haki. Ila binti atasomaje kama hana wa kumwachia mtoto, na matiti yamejaa maziwa yanamuuma tangu kipindi cha kwanza?

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Mpango huo ulipojaribiwa pia kule Denver, Marekani, manesi walifanikiwa kuliko wahudumu wasio na taaluma hiyo, kwa hiyo wa kwetu wafundishwe vizuri na wasimamiwe kwa karibu na nesi wa zahanati. Naiomba Wizara ya Afya iwakabidhi kazi hii waziwazi: kila binti wa uzazi wa kwanza awe na mtu mmoja, yuleyule, wa kupiga hodi kwake tangu ujauzito hadi mtoto atimize miaka 2.