VIJANA WA BIRIKA LA GIBEONI

Somo: 2 Samweli 2:12-32



Katika somo hili Israeli imegawanyika. Upande mmoja kuna nyumba ya Sauli, upande mwingine nyumba ya Daudi, nao ni ndugu wa taifa moja. Majemadari wawili, Abneri na Yoabu, wanaketi kila mmoja ng'ambo yake ya birika la maji. Abneri anatoa shauri kwamba vijana wasimame wacheze mbele yao. Yoabu anakubali. Wanasimama 12 huku na 12 kule, kila mmoja anamshika mwenzake kichwa na kumchoma upanga ubavuni. Wote 24 wanaanguka pamoja.

Ndugu, tuangalie vizuri. Wakubwa wameketi, vijana wamesimama, na kufa kwao kumeitwa mchezo.

Sisi wa Kindu tunalijua birika hilo. Letu ni Lualaba: Kasuku na Mikelenge ng'ambo hii, Alunguli ng'ambo ile. Mwishoni mwa Februari 1997 askari wa AFDL walifika mji huu. Kati yao walikuwamo wale tuliowaita kadogo, maana walikuwa kadogo kweli: buti za mpira miguuni, na bunduki inakaribia urefu wao. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tulikuwa rika lao. Tuliwapigia makofi barabarani. Wengine kati yetu waliacha masomo wakawafuata. Tarehe 17 Mei 1997 jeshi hilo liliingia Kinshasa, nasi tukafikiri vita vimekwisha.

Haukupita mwaka na nusu. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vingine vilianza, na mwezi uleule redio ya serikali ikaita vijana wa miaka 12 hadi 20 waingie jeshini. Miaka 12, ndugu! Mtoto ambaye mama yake bado anamtuma maji mtoni. Waasi wa RCD nao walikuwa na watoto wao. Wakapigana hapa kwetu, na Kindu ikaanguka tarehe 12 Oktoba 1998.

Tarehe hiyo mnaijua. Ni tarehe 12 Oktoba 1951 Papa Simon Kimbangu alipofariki gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, baada ya kifungo cha miaka 30. Yeye hakuita mtoto wa mtu ashike silaha kwa ajili yake. Septemba 1921 alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakoloni. Mchungaji mwema anasimama mbele ya kondoo. Abneri yeye aliketi, akatuma kondoo mbele.

Sasa tuungame la kwetu. Mmoja wa rika letu alirudi kutoka vitani. Alipoanza kuja ibadani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nasi tulisogeza watoto wetu mbali naye. Tulimpigia makofi alipokwenda, aliporudi tukamwogopa. Siku moja mama mjane alibeba kitabu chake cha nyimbo, akaenda kukaa kando yake. Hakusema neno. Jumapili iliyofuata benchi lile lilijaa. Mahubiri ya mama yule yalipita yetu yote.

Tuendelee na somo. Jioni Abneri mwenyewe anapaza sauti, anauliza kama upanga utakula milele. Yoabu anapiga tarumbeta, na watu wote wanasimama. Lakini wamekwisha kufa 360 upande mmoja na 20 upande mwingine, pamoja na kijana Asaheli, ndugu wa Yoabu, mwenye mbio kama paa. Tujiulize: tarumbeta ile si ingeweza kupigwa asubuhi?

Wapenzi, ni asubuhi tena. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu, na katika mashariki yetu vijana wameitwa tena kushika bunduki. Hatuwezi kusema hatukujua. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto wa chini ya miaka 18 jeshini au katika kundi la silaha. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 juu ya watoto wa chini ya miaka 15 aliowaingiza vitani Ituri.

Kanisa limetufundisha maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Upendo: aliyerudi tukae naye benchi moja. Amri: mzazi asimtoe mtoto wake, hata kwa feza, hata kwa jina la kabila. Kazi: tumpe kijana jembe, wavu au baiskeli ya kubeba mizigo, maana asiye na kazi husikia mbio sauti ya tarumbeta. Nanyi vijana, Asaheli alionywa mara mbili ageuke, hakugeuka. Nyinyi mgeuke.

Tuombe. Ee Mungu, utusamehe makofi yetu ya 1997. Uwakumbuke waliobaki porini bila kaburi. Utupe kinywa cha kusema asubuhi, tusingoje jioni. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.